Masale Mawili Kila Njiapanda

Old Moshi,
27 Januari 2024

Mume wangu Jesse,

Bwana asifiwe. Mimi bibi yako ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linajiamulia mambo yake. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Londorosi, upande wa pili wa mlima.

Baba yako mdogo Thadeus anakusalimu. Yeye na duka lake la viatu vya mitumba Kiboriloni hawajambo. Ndiye atakayempa barua hii Primus, dereva wa gari linalowapelekea chakula. Thadeus aliniambia, "Mama, si umpigie tu simu?" Unayajua masikio yangu. Kwenye simu nasikia watu wanakaanga vitumbua. Na huko kwenu nasikia mtandao ni wa kupanda juu ya jiwe. Miaka thelathini na minne nimefundisha watoto wa watu kuandika barua, sioni aibu kuandika ya kwangu.

Hapa nyumbani kahawa imechanua kidogo, ndizi zipo, Mektrida jirani yangu amepata mjukuu wa nne. Katibu, yule ng'ombe uliyempa jina mwenyewe ukiwa darasa la saba kwa kuwa hakuna jambo la nyumba hii asilotaka kulijua, bado anakamuliwa, lakini maziwa yamepungua. Ni habari ya nyasi. Kiangazi kama hiki sisi wanawake tunakata kule nusu maili, kwenye ule ukanda wa msitu tulioachiwa kwa majani na kuni kavu. Sasa mpaka wa hifadhi umeshuka. Alama zimewekwa katikati ya mwezi huu, wala hakuna aliyeambiwa. Hatuingii tena. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Sirili, ameandika barua kuuliza. Tunasubiri. Kwa sasa mimi na Mektrida tunashuka bondeni kutafuta majani, na kurudi ni kupanda.

Haya, niambie habari za wageni unaowapandisha mlimani. Wewe ndiye mwongozaji wa kwanza katika ukoo wetu, nimewatangazia hata kwaya. Lucky, kijana wa Mektrida anayebeba mizigo ya wageni, anasema hajawahi kukuona kwenye lango lolote. Nikamwambia mlima ni mkubwa.

Bibi yako,
Yuditha


Londorosi,
17 Februari 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo bibi. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako na hilo goti. Barua yako ilikaa kwenye gari la Primus wiki mbili chini ya magunia ya unga, ndiyo maana nachelewa kujibu. Nisalimie baba mdogo, na mama Mektrida umpe hongera ya mjukuu.

Bibi, kazi inakwenda vizuri. Wageni wapo, wanatoka nchi mbalimbali. Msitu wa huku ni mnene, asubuhi mbega wanatuangalia kutoka juu kama wazee wa kanisa. Njia nayo ni nzuri. Watu hawajui kwamba adui wa njia ni maji, wala si miguu ya watu. Maji yakipata mteremko yanakula udongo mpaka mizizi inabaki inaning'inia, mgeni anakanyaga pembeni, njia inapanuka, mwisho unapata tope la upana wa barabara ya lami. Kwa hiyo kila hatua kumi hivi unalaza gogo kwa mshazari, unachimba mtaro mdogo wa kuyatoa maji. Gogo lisilale sana wala lisisimame sana.

Mwanzo wa mwaka tulikuwa kwenye njia mpya ya matembezi ya siku moja, upande mwingine. Pale nilitoa wazo langu kuhusu alama za njia, maana vibao huoza na rangi kwenye miti hairuhusiwi. Msimamizi wetu Martin, mtu wa Iringa, alinisifu mbele ya wote. Alisema akili kama hiyo haifundishwi darasani.

Habari ya mpaka sijaisikia kabisa, bibi. Mpaka haushuki hivi hivi. Nadhani kuna mtu anawatisha tu. Muulizeni vizuri mwenyekiti.

Huyo Lucky mwambie mlima ni mkubwa kweli.

Mjukuu wako,
Jesse


Old Moshi,
5 Machi 2024

Jesse,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeipata jana. Kwa mwandiko nimekupa saba juu ya kumi. Kwa maudhui nitakuambia tukionana.

Sisi tuko salama. Mchungaji amehamishwa, tunamsubiri mpya. Mama yake Sirili amezikwa Jumamosi, umri wake ulikuwa umefika, tumemshukuru Mungu.

Mjukuu wangu, unasema kuna mtu anatutisha. Mimi si mtoto wa kutishwa. Nisikilize nilichokiona kwa macho yangu, kwa kuwa macho bado ninayo.

Siku ile tulipanda mimi na Mektrida na wenzetu watatu, kila mtu na mundu wake na kamba. Tulipofika pale njia yetu ya nyasi inapoingia msituni, tukakuta njia mpya imekatwa, pana, safi, inavuka yetu. Na mdomoni mwa njia yetu yamechomekwa masale mawili. Mabichi, yenye majani mazuri marefu, moja huku na moja huku. Tukasema labda ni jambo la mtu. Tukazunguka kwenye njia ya akina Mektrida. Masale mawili. Njia ya kwa Sirili, mawili. Tulihesabu njiapanda saba, zote vivyo hivyo, kwa mstari, mpaka korongoni.

Sasa niambie wewe uliyezaliwa kwenye kihamba, kwenye shamba la ukoo. Sale ni nini? Baba yako amezikwa wapi, na kichwani pake pana nini? Shamba letu na la Mektrida yanatenganishwa na nini tangu kabla sijaolewa? Mtu akikuta sale limesimamishwa haulizi, anarudi. Halirukwi wala haling'olewi na mkono ambao haukulipanda. Mektrida aliketi chini pale pale akalia. Mimi sikulia, nilikasirika. Nikasema hao waliolifanya hili si wageni, wametafuta mtu wetu anayejua, wakamtumia dhidi yetu.

Kwa hiyo sikiliza habari yenyewe. Katibu amekonda, mbavu unazihesabu. Migomba nimemkatia mpaka naonea huruma migomba. Goti halishuki tena bondeni. Thadeus amepata mnunuzi, atakuja tarehe kumi na sita. Na Thadeus anasema ng'ombe akiondoka sina sababu ya kubaki huku peke yangu, ametengeneza chumba Kiboriloni, kina tailizi. Anasema kwa upendo, simlaumu. Lakini wewe unajua kihamba bila mbolea ni miaka miwili, na nyumba bila mtu ni mmoja.

Sitaki unihurumie. Nakuambia ili usije siku moja ukapiga hodi ukakuta kufuli.

Jambo la mwisho. Umejaza ukurasa mzima habari za mitaro na magogo. Wageni umewapa mstari mmoja, eti wanatoka nchi mbalimbali. Nchi gani?

Bibi yako


Londorosi,
19 Machi 2024

Bibi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo saa nne asubuhi. Nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa. Nimetembea saa mbili na nusu kutafuta mtandao nimpigie baba mdogo. Ameniambia Katibu aliondoka Jumamosi. Ameniambia ulimfungua kamba wewe mwenyewe, ukamkabidhi, ukaingia ndani.

Bibi, masale ni mimi.

Hakuna aliyenituma. Ndilo wazo lile nililokuandikia. Tulikuwa tunakata njia ya wageni wa matembezi, na njia zenu za nyasi zilikuwa zinaingia kila mahali. Martin akaogopa mgeni atapotea, atatokea kwenye banda la mtu. Vibao havikuwepo. Nikasema mimi najua mti ambao ukiuchomeka unaota, hauozi, na ikiwa miwili mdomoni mwa njia maana yake hapa hapapitwi. Nilijivuna, bibi. Nilikata masale kwenye ua wa zamani ulioachwa, nikachomeka yote kumi na manne kwa mkono wangu. Mpaka haujashuka hata hatua moja. Njia zenu ni zenu. Niliwaza wageni tu. Naapa sikuwaza kwamba mtakaokuja kuyakuta ni ninyi.

Na kwa kuwa nimeanza, nimalize. Mimi si mwongozaji. Mtihani nimeufanya mara mbili, nimefeli mara mbili. Kazi yangu ni jembe, panga na kubeba magogo. Kuanzia tarehe nne mpaka kumi na nane Januari tulilala kwenye mahema juu ya kijiji. Jumapili nilisikia kengele ya kanisa letu. Saa moja tu ya kushuka. Nilikuwa na tope mpaka masikioni, buti zimechanika, na wewe umeshawatangazia kwaya. Nikasema nitakuja nikishafaulu.

Bibi nisamehe. Niambie la kufanya nitafanya. Huyo ng'ombe nimfuate kwa nani?

Jesse


Old Moshi,
6 Aprili 2024

Jesse,

Bwana asifiwe. Tumeadhimisha Pasaka kwa mvua. Thadeus na watoto walikuja, tukapika kiburu cha ndizi na maharage, wakala wakaosha vyombo. Mahindi yameota.

Katibu usimfuate. Mnunuzi alikuwa wa buchani.

Nimekaa na barua yako wiki nzima kabla ya kushika kalamu, kwa sababu maneno yaliyokuwa yanakuja hayakuwa ya mwalimu wala ya Mkristo. Nimekasirika. Andika hivyo kichwani mwako: bibi amekasirika. Nimefuga tangu nikiwa binti, sijawahi kukaa asubuhi moja bila kusikia ng'ombe nyumbani. Sasa naamka, naenda bandani, nakumbuka, narudi.

Mzungu hajui sale, Jesse! Mzungu ataliona jani zuri, atalipiga picha, atapita katikati. Anayejua sale ni mimi. Uliandika barua kwa lugha ambayo msomaji wake ni bibi yako peke yake, ukaibandika mlangoni kwake, halafu ukashangaa kwamba ameisoma. Nimefundisha watoto wazito wa kuelewa lakini wewe umewapita.

Habari ya jembe nilikuwa nayo tangu mwaka jana. Lucky alikuona Machame umebeba gogo begani. Nilijua, nikakaa kimya, nikisema akiwa tayari ataniambia mwenyewe. Kwaya sikuwaambia tofauti kwa kuwa si kazi yao. Babu yako alichimba mifereji maisha yake yote na nilimpenda na tope lake. Kufeli mtihani si dhambi. Lakini wiki mbili, Jesse! Wiki mbili umelala kwenye baridi juu ya kichwa changu, nami chini nimefunika chungu cha mtori nikisema labda leo mtoto atatokea. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko ng'ombe. Ungeshuka jioni moja tu, ukala, ukaniambia "bibi leo nimechomeka masale," ningekupiga kibao, kesho yake ungeyang'oa, na Katibu angekuwa bandani.

Mektrida na wengine sijawaambia. Wanashuka bondeni mpaka leo, kwenye utelezi huu. Si mimi wa kuwaambia, na wala hawataniamini. Watasema bibi anamwokoa mjukuu. Kung'oa pia hawatang'oa, hata mwenyekiti akitoa tangazo. Aliyepanda ndiye anayeng'oa. Utakuja, utasimama mbele ya watu wote kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, utasema ni wewe. Na usithubutu kuniletea sale la kuombea msamaha. Masale umeshaleta ya kutosha.

Thadeus atanihamisha mwisho wa mwezi wa tano. Nimekubali.

Bibi yako


Londorosi,
27 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Sina la kujitetea.

Kazi imesimama kwa ajili ya masika. Nimemweleza Martin yote. Kwanza hakuelewa, akasema ni mimea tu. Nikamuuliza kwao Iringa akikuta kaburi katikati ya njia atalivuka? Akasema hapana. Amenipa ruhusa ya kuyaondoa, na amenipa vibao saba vya mbao ngumu nivisimamishe badala yake. Nimeviandika mwenyewe: NJIA YA WANAKIJIJI, na mshale wa wageni kwenda kwao. Amenipa pia barua ya kumpelekea Sirili yenye maelezo kwamba mpaka uko pale pale ulipokuwa.

Nitakuja Jumapili ya Pentekoste, tarehe kumi na tisa Mei. Nitavaa nguo nilizonazo. Ninaogopa kuliko nilivyoogopa mtihani.

Bibi, naomba kitu kimoja. Usihame kwa sababu yangu.

Jesse


Old Moshi,
26 Mei 2024

Mume wangu Jesse,

Bwana asifiwe. Mimi ni mzima. Goti linakusalimu.

Najua umefika Londorosi salama, Primus ameniambia. Nakuandikia yaliyotokea tangu uondoke Jumatatu, maana watu wamekuwa na kazi.

Kwanza, mnadani ulisema vizuri. Ulisema kwa sauti ndogo mno, Sirili akakurudisha useme tena, lakini ulisema lote, hata la mtihani, ambalo hakuna aliyekuuliza. Mektrida aliponyanyua lile fungu la ndizi alilolinunua nilidhani atakupiga nalo. Na mlipopanda wote kwenda kuyang'oa, nami nikapanda. Kwa goti hili. Nilikuwa sijasema, lakini sasa nasema: ile njia ni nzuri. Mvua yote ile na maji hayakusimama popote. Nilipita kwenye magogo yako saba, nane, mguu haukuteleza hata mara moja. Kama mtihani wa kuongoza watu unaulizwa na watu wasiojua kutengeneza pa kupitisha watu, basi waufanye wao.

Jumanne wanawake walikata nyasi. Walipita mbele ya kibao chako wakikisoma kwa sauti, wakicheka. Mimi sikwenda, nilikuwa nafunga vyombo kwenye maboksi. Nyasi za nini, na banda halina mtu? Niliwasikia wakishuka wanaimba nikafunga dirisha. Nakuambia kweli, siku hiyo nililia.

Jumatano wakakaa kikao kwa Mektrida bila kunialika. Alhamisi asubuhi nasikia kwato uani. Mektrida huyo, na mtamba wake mwekundu, ana mimba ya miezi mitano, anamvuta kwa kamba. Nikamuuliza, unampeleka wapi? Akasema, "Nakuwekesha." Unajua desturi ya ng'ombe wa kuwekeshwa: anakaa kwangu, nalisha mimi, maziwa na mbolea ni vyangu, ndama wa kwanza ni wa Mektrida, wa pili wangu. Nikamwambia nahama Jumamosi, na goti halikati nyasi. Akasema hilo wamelijadili, wamekwisha kulipitisha. Atakayekata nyasi ni aliyepanda masale.

Ndiyo, wewe. Hukumu hii ni ya wanawake kumi na mmoja na rufaa haipo. Kila ukipata mapumziko unakuja, unapanda na mundu, unashusha mizigo ya kutosha wiki. Ukiwa hupo watakata wao kwa zamu, nao wanakuandikia madeni ya zamu. Na utabebea kichwani, kama sisi. Si begani, wala si kwenye bodaboda. Sirili amekwisha kukuandikia kibali. Lucky anasema atakuja kupiga picha.

Jana Thadeus akaja na gari la kukodi na vijana wawili wa kubeba. Alinikuta bandani, gauni limefungwa kiunoni, naondoa samadi. Akasimama mlangoni na viatu vyake vya kupendeza. Akasema, "Mama, tunahama au hatuhami?" Nikamwambia ashike ndoo ile ya maji. Akanitazama sana. Kisha akavua viatu. Maboksi vijana waliyarudisha ndani wenyewe. Chumba cha tailizi amesema atampangisha mwalimu.

Bado nimekukasirikia kidogo. Itaisha, lakini usiniharakishe.

Zamu yako ya kwanza ni Jumamosi ya tarehe nane Juni. Njoo na matope yako yote. Na kabla hujapanda msituni, pita kwangu kwanza ule.

Bibi yako,
Yuditha